Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Rekodi za Vipandikizi vya Urembo

Kaa saluni yoyote ya Sinza au Magomeni Jumamosi mchana, na kabla nywele hazijakauka mazungumzo yatakuwa yameshafika kwenye maumbo. Nani anavaa kigodoro cha kujazia umbo, nani katumia dawa za mchina, nani kaenda Uturuki akarudi na umbo namba nane. Bei zinatajwa kwa uhakika kama bei ya unga, na picha zinapita kutoka simu moja hadi nyingine. Lakini uliza kitu hicho kinachowekwa mwilini kimetengenezwa kwa nini, kilianza lini, kinakaa miaka mingapi na kikipasuka inakuwaje. Hapo saluni nzima inanyamaza.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya ukimya huo. Kipandikizi cha urembo, kiwe cha titi, kalio, kidevu au pua, ni mgeni. Anatoka kiwandani, anaingizwa kwenye nafasi ambayo daktari ameipasua ndani ya nyama, na kuanzia siku hiyo anaishi humo. Mwili humtambua mara moja kwamba si wa nyumbani, nao humjengea ukuta wa kovu pande zote. Ukuta ukiwa mwororo, wanaishi kwa amani. Ukikaza, titi hugeuka gumu, huuma na kwenda upande. Hakuna kipandikizi kinachokwepa kujengewa ukuta huo.

Rekodi zifuatazo ni za vipandikizi na watu waliotangulia, waliozidi ukubwa, waliogharimu au waliohatarisha kuliko wenzao. Kila moja nimeipima kwa methali ya wazee wetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipokuja, je, mwenyeji alipona?

Kikongwe kuliko vyote

Mwaka 1931, katika bonde la mto Ulúa nchini Honduras, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kipande cha taya la chini la kijana wa Kimaya aliyeishi takribani mwaka 600 baada ya Kristo. Mahali pa meno matatu ya mbele palikuwa na vipande vitatu vya kombe la baharini, vimechongwa kwa umbo la jino na kusimikwa kwenye taya.

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kijana huyo alipambwa baada ya kufa, kama maiti anavyovishwa kwa safari ya mwisho. Mwaka 1970 Mbrazil Amadeo Bobbio alilipiga taya hilo picha za eksirei, akaona mfupa umeota kuyazunguka makombe. Mfupa wa maiti hauoti. Kijana yule alikuwa hai meno yalipowekwa, akaishi nayo muda wa kutosha hadi mwili ukayakubali. Mgeni wa kwanza tunayemfahamu alipokewa vizuri.

Majuto ya muda mrefu zaidi

Mwaka 1899 daktari Robert Gersuny wa Vienna alianza kuyeyusha parafini, nta ileile ya mishumaa, na kuidunga chini ya ngozi. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamume aliyepoteza korodani kwa kifua kikuu. Kazi ilionekana rahisi: sindano moja, nta inaganda, umbo limepatikana. Muda si muda madaktari wa Ulaya wakawa wanaidunga kwenye pua, mashavu na matiti.

Gladys Deacon, Mmarekani aliyesifiwa uzuri katika majumba makubwa ya Paris na London, alitaka pua yake inyooke kama za sanamu za Kiyunani. Mwaka 1903, akiwa na miaka 22, alidungwa parafini kwenye daraja la pua. Nta haikukaa ilipowekwa. Iliteremka polepole hadi kidevuni, ikaacha mabonge katika uso ambao wachoraji walikuwa wakiugombania. Aliolewa na Duke wa Marlborough mwaka 1921, akaishi katika kasri la Blenheim, akafariki mwaka 1977 akiwa na miaka 96. Sindano ya siku moja aliishi nayo miaka 74.

Vitu vya ajabu zaidi

Kabla silikoni haijapatikana, madaktari walijaribu karibu kila kitu. Jacques Joseph wa Berlin, mmoja wa waasisi wakubwa wa upasuaji wa pua, alichonga pembe za ndovu na kuzipandikiza ili kuinua pua zilizobonyea. Katika matiti ziliingizwa goroli za kioo, mpira uliosagwa, gegedu la ng'ombe na sufi ya Terylene.

Miaka ya 1950 ikawa zamu ya sponji, maarufu kwa jina la Ivalon. Siku za mwanzo ilikuwa laini, na wagonjwa walifurahi. Kisha nyama ya mwili ikapenya katika vitundu vyake, ikaganda humo, na titi zima likasinyaa na kukakamaa kama sponji ya vyombo iliyosahauliwa juani. Kuitoa kulikuwa kugumu kuliko kuiweka, kwa kuwa mgeni na mwenyeji walikwisha shonana.

Mwanamke wa kwanza

Houston, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hospitali zilikuwa zimeanza kuhifadhi damu katika mifuko ya plastiki badala ya chupa. Daktari kijana, Frank Gerow, alishika mfuko mmoja uliojaa damu, akaubonyeza, akahisi ulaini wa titi la mwanamke. Yeye na mkuu wake, Thomas Cronin, wakaipelekea hoja hiyo kampuni ya Dow Corning, iliyokuwa ikitengeneza silikoni. Ukatoka mfuko wa silikoni wenye umbo la tone la maji, umejazwa jeli nzito ya silikoni, na nyuma yake una viraka vya kitambaa ili ushikamane na kifua. Aliyewekewa kwanza kabisa alikuwa mbwa jike aitwaye Esmeralda.

Baada ya mbwa ikaja zamu ya binadamu. Timmie Jean Lindsey alikuwa mama wa watoto sita. Alikwenda hospitali ya Jefferson Davis, iliyokuwa ikiwatibu watu wasio na uwezo, ili afutwe michoro ya maua aliyokuwa amechorwa kifuani. Madaktari wakamuuliza kama angekubali kuwekewa kitu kipya kwenye matiti. Yeye hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Kilichomkera kilikuwa masikio yake, aliyoyaona yamechomoza mno. Wakapatana: atawekewa vipandikizi, na masikio yatarekebishwa. Upasuaji ulifanyika mwaka 1962. Mwaka uliofuata Cronin alisimama mbele ya madaktari wa upasuaji mjini Washington na kuwatangazia uvumbuzi wao.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara nasimama palepale. Mwanamke wa kwanza duniani kuwekewa matiti ya silikoni hakuyaomba. Aliomba masikio. Alikuwa maskini katika hospitali ya maskini, na mwili wake ndio uliofyeka njia ambayo baadaye wenye fedha waliipita kwa mamilioni. Nusu karne baadaye, akiwa na miaka 80, Lindsey alikuwa bado na vipandikizi vilevile vya mwaka 1962. Hiyo nayo ni rekodi, na anastahili kutajwa kwa jina na kwa heshima.

Sindano mbaya kuliko zote

Nchini Japani, baada ya Vita Kuu ya Pili, silikoni ya majimaji iliyotengenezwa kwa kazi za viwandani ilianza kudungwa moja kwa moja kwenye matiti ya wanawake, bila mfuko wowote. Mtindo ukavuka bahari hadi Marekani. Mwaka 1964 mcheza dansi Carol Doda wa San Francisco akawa gumzo la nchi nzima kwa kifua kilichokuzwa kwa sindano hizo, na wachezaji wa kumbi za Las Vegas wakafuata nyayo zake.

Silikoni isiyo na mfuko haitulii. Husambaa kwenye nyama, hufanya mabonge, huchubua ngozi kutoka ndani na kuleta vidonda. Wapo wanawake walioishia kukatwa matiti yote mawili. Mwaka 1975 jimbo la Nevada, lenye mji wa Las Vegas, lilitangaza kuwa kudunga silikoni ni kosa la jinai.

Miaka 50 imepita, lakini sindano hii haijafa. Bado inadungwa kwenye makalio, katika vyumba vya nyuma vya saluni na hoteli, katika nchi nyingi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, haijawahi kuidhinisha silikoni ya kudungwa kwa ajili ya kukuza umbo. Silikoni iliyo ndani ya mfuko ni mgeni aliyepewa chumba, anaweza kuombwa aondoke. Ile ya sindano imeingia vyumba vyote, na hakuna daktari anayeweza kukuahidi kwamba ataitoa yote. Ukiambiwa "ni sindano tu, hakuna kisu", ondoka hapo.

Kesi kubwa zaidi

Katika miaka ya 1980 wanawake wa Marekani walikuwa wakifungua mashtaka mmoja mmoja. Walidai vipandikizi vinavuja na kuwaletea maradhi ya viungo na uchovu usiokwisha. Mwaka 1991 baraza la wazee wa mahakama lilimpa mwanamke mmoja wa California fidia ya dola milioni 7.3. Januari 1992 FDA ikasimamisha vipandikizi vya jeli ya silikoni kwa ajili ya urembo. Mwaka 1994 watengenezaji walikubali mfuko wa fidia wa dola bilioni 4.25, mkubwa kuliko fidia yoyote ya pamoja iliyokuwa imetangulia. Madai yakafurika kuliko fedha, na Mei 1995 Dow Corning ikaomba kinga ya kufilisika. Baadaye ilifikia makubaliano ya dola bilioni 3.2.

Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilichapisha ripoti iliyopitia tafiti zote zilizokuwapo. Haikuona ushahidi kwamba silikoni inasababisha magonjwa ya mwili mzima. Ilichokiona bila shaka ni matatizo ya palepale kifuani: kupasuka, kukaza kwa kovu, maambukizi, na kurudishwa tena na tena kwenye chumba cha upasuaji. Vipandikizi vya jeli vilirejeshwa sokoni Novemba 2006.

Funzo ninalolichukua ni hili: vilipandikizwa kwa miaka 30 kabla ya mtu yeyote kudai ushahidi kamili wa usalama wake. Wanawake waliouliza kwa sauti mahakamani ndio waliolazimisha tafiti zifanyike. Hata pale sayansi haikukubaliana na jibu lao, swali lao lilikuwa la haki.

Udanganyifu mkubwa zaidi

La Seyne-sur-Mer ni mji wa pwani kusini mwa Ufaransa. Hapo Jean-Claude Mas alianzisha mwaka 1991 kampuni iitwayo Poly Implant Prothèse, maarufu kama PIP. Silikoni ya kitabibu ni ghali, kwa hiyo kiwanda chake kikajaza mifuko kwa jeli ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa silikoni ya viwandani, ambayo haikuidhinishwa kuingia mwilini mwa mtu. Wakaguzi walipokuja, dalili zote zilikuwa zimeshafichwa.

Walioshtuka kwanza ni madaktari wa upasuaji waliokuwa wakiona vipandikizi vya PIP vinapasuka kupita kawaida. Machi 2010 serikali ya Ufaransa ilivipiga marufuku. Kufikia wakati huo takribani wanawake 300,000 katika nchi 65 walikuwa navyo mwilini. Desemba 2011 Ufaransa iliwashauri wanawake wake 30,000 wavitoe. Kesi iliposikilizwa Marseille mwaka 2013, walalamikaji walizidi 5,000. Mas alihukumiwa kifungo cha miaka minne na faini ya euro 75,000. Alifariki mwaka 2019.

Gawanya faini hiyo kwa wanawake 300,000. Ni robo ya euro kwa kila mmoja.

Katika sakata hilo, mwanamke aliyeteseka zaidi kwa hofu ni yule ambaye hakujua amewekewa nini. Kila kipandikizi halali kina kadi yenye jina la mtengenezaji na namba ya pekee. Mwenye kadi aliweza kujua siku hiyohiyo kama ni PIP au la. Asiyekuwa nayo alibaki kubahatisha. Kwetu, vipandikizi ni vifaa tiba: Tanzania viko chini ya mamlaka ya TMDA, na daktari anayevipandikiza lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Dai kadi yako kabla hujatoka wodini, na uitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Vilivyoishi muda mfupi zaidi

Mwaka 1995 Uingereza ilipokea kipandikizi kipya kilichoitwa Trilucent, kilichojazwa mafuta ya soya. Hoja ilikuwa nzuri kuisikia: soya ni chakula, ikivuja mwili utaila tu. Tena mafuta hayakuzuia eksirei, kwa hiyo saratani ingeonekana mapema kwenye picha za matiti.

Kila mpishi anajua mafuta yakikaa kwenye joto siku nyingi yanakuwaje. Kifua cha binadamu kina joto la nyuzi 37 usiku na mchana. Mafuta yakachacha na kutoa kemikali zilizoshukiwa kudhuru chembe za urithi. Machi 1999 Trilucent iliondolewa sokoni, na Juni 2000 takribani wanawake 5,000 wa Uingereza wakashauriwa wavitoe, hata wale wasiokuwa na dalili yoyote. Mgeni huyu hakumaliza hata miaka mitano.

Vikubwa kuliko vyote

Kitabu cha Guinness kimewahi kuorodhesha matiti makubwa zaidi yaliyokuzwa kwa upasuaji. Mwaka 2005 taji lilikwenda kwa mcheza dansi Mmarekani anayejulikana jukwaani kama Maxi Mounds. Aina iliyofanikisha ukubwa wa namna hii ilikuwa kamba za polipropilini, plastiki inayotumika pia kufumia magunia. Kamba hizo huukera mwili makusudi, mwili hutoa majimaji kujihami, na majimaji hujaza nafasi. Titi huendelea kukua lenyewe mwezi hadi mwezi, bila mtu kujua litakoma wapi. Aina hiyo ilitoweka madukani mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kabla yake rekodi ilikuwa kwa Lolo Ferrari wa Ufaransa, aliyepitia zaidi ya upasuaji 20. Watu walilipa kumtazama na televisheni zilimwalika kumshangaa. Alifariki Machi 2000 akiwa na miaka 37. Siwezi kuiandika rekodi hii kwa shangwe. Mgeni anayetanuka bila kikomo humfukuza mwenyeji nyumbani kwake.

Saratani adimu zaidi

Mwaka 1997 madaktari waliripoti mgonjwa mwenye limfoma, saratani ya chembe za kinga, iliyoota ndani ya kovu linalozunguka kipandikizi. Haikuwa saratani ya titi lenyewe. Ilijificha katika ule ukuta ambao mwili hujenga. Mwaka 2011 FDA ilitangaza kwamba huenda kuna uhusiano. Kesi zilipokusanywa, wengi wa wagonjwa walikuwa na vipandikizi vyenye ngozi ya kukwaruza, vilivyotengenezwa hivyo ili visizunguke mwilini.

Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa duniani kote vipandikizi vyake vya aina ya Biocell. Wakati huo FDA ilikuwa imehesabu wagonjwa 573 na vifo 33. Ukilinganisha na mamilioni ya wanawake wenye vipandikizi, hao ni wachache sana, na ikigunduliwa mapema ugonjwa huu mara nyingi hutibika kwa kutoa kipandikizi pamoja na kovu lake. Dalili yake kuu ni titi kuvimba ghafla, mara nyingi miaka mingi baada ya upasuaji. Mwanamke mwenye vipandikizi akiona uvimbe huo asikandwe na maji ya moto nyumbani. Aende hospitali na kadi yake.

Upasuaji wenye hatari kubwa zaidi

Vipo vipandikizi vya silikoni vya makalio, na historia yake inarudi mwaka 1969, daktari alipochukua kipandikizi cha titi na kukiweka kwenye kalio lililobonyea. Lakini umbo namba nane linalosifiwa mitandaoni leo mara nyingi hutokana na njia nyingine: mafuta hunyonywa tumboni na mapajani, kisha hudungwa makalioni. Duniani njia hii inaitwa BBL, yaani Brazilian butt lift, kwa heshima ya Brazil.

Mwaka 2017 jopo la madaktari wa upasuaji lilikadiria kwamba njia hiyo iliua mtu mmoja katika kila 3,000, kiwango kikubwa kuliko upasuaji mwingine wowote wa urembo. Sababu yake inaeleweka. Ndani ya msuli wa kalio ipo mishipa mikubwa ya damu. Mrija ukizama kwenye msuli na kuujeruhi mshipa, mafuta huvutwa na damu hadi kwenye moyo na mapafu, na mgonjwa anaweza kufia mezani. Mwaka 2018 chama cha madaktari hao nchini Uingereza kiliwataka wanachama wake wasiifanye kabisa hadi utafiti zaidi upatikane. Tangu hapo mabingwa wanaofuata kanuni hudunga juu ya msuli tu, chini ya ngozi, na makadirio ya vifo yameshuka sana kwao.

Hapa mgeni ni wa nyumbani, mafuta ya mwenyewe, na bado anaweza kuua akipita njia isiyo yake. Aliye na rafiki anayehesabia nauli ya kwenda kuyafanya haya nje ya nchi amuulize jambo moja: daktari huyo anadunga juu ya msuli au ndani yake? Asiyeweza kujibu asilipwe.

Nchi inayoongoza

Kwa takwimu za chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa urembo, ISAPS, Marekani iliongoza mwaka 2023 ukijumlisha kisu na sindano. Kwa kisu peke yake Brazil ilikuwa ya kwanza, zaidi ya mara milioni 2.1 kwa mwaka mmoja. Duniani kote, upasuaji wa kukuza matiti ulikuwa takribani milioni 1.9.

Jina linalobeba historia ya Brazil ni Ivo Pitanguy wa Rio de Janeiro. Alipasua nyuso za matajiri na mashuhuri kutoka pembe zote za dunia, lakini yeye mwenyewe alikumbuka tarehe nyingine. Desemba 17, 1961, hema la sarakasi liliungua Niterói, ng'ambo ya ghuba ya Rio. Zaidi ya watu 500 walikufa, wengi wao watoto. Pitanguy alijitosa kuwahudumia walioungua. Katika hospitali ya Santa Casa da Misericórdia aliendesha wodi ambako maskini walipata upasuaji uleule walioupata matajiri, na humo akafundisha madaktari wa nchi nyingi. Agosti 5, 2016 alibeba mwenge wa Olimpiki akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kesho yake alifariki.

Kipandikizi kilichozuia risasi

Mwaka 2018 mwanamke wa miaka 30 mjini Toronto, Kanada, alipigwa risasi kifuani, upande wa kushoto, upande wa moyo. Alifika hospitali akiwa anatembea na kuzungumza. Madaktari waliona risasi imeingia titi la kushoto, ikagonga kipandikizi na kubadili mwelekeo, ikavuka kifua hadi upande wa kulia, ikavunja mbavu na kukoma. Vipandikizi vyote viwili viliharibika na kutolewa. Kisa hicho kilichapishwa katika jarida la kitabibu, na madaktari wake walihitimisha kwamba silikoni ndiyo iliyomwokoa. Mara chache methali hutimia wazi namna hii.

Rekodi ninayoipenda kuliko zote

Nimeiacha ya mwisho ingawa, kwa upande wa matiti, ni ya kwanza kwa miaka. Heidelberg, Ujerumani, 1895. Daktari Vincenz Czerny alikuwa amemtoa mwimbaji mmoja wa kike uvimbe kwenye titi, na pengo lililobaki lilikuwa kubwa. Mwili wa mama huyo ulikuwa na uvimbe mwingine mgongoni, bonge la mafuta lisilo na madhara. Czerny alilitoa likiwa zima, akalipandikiza titini kujaza pengo. Ndiyo mara ya kwanza kuandikwa katika vitabu vya tiba kwamba titi limejengwa upya. Hakutaka kulikuza. Alitaka pande mbili zilingane, mgonjwa wake arudi jukwaani.

Ninapoisoma habari hiyo nawafikiria wanawake wa kwetu waliokatwa titi kwa saratani, ambao kila asubuhi wanakunja kitambaa na kukijaza ndani ya sidiria kabla ya kutoka nyumbani. Tunapocheka vigodoro tunasahau kwamba yupo anayevaa cha upande mmoja kwa machozi. Mwanamke huyo anastahili kujua kwamba titi linaweza kujengwa, kwa silikoni au kwa nyama yake mwenyewe. Anastahili pia kuambiwa ukweli wote. FDA inasema vipandikizi si vya maisha yote: kati ya waliovichukua kwa urembo, hadi mmoja katika watano huhitaji kuvitoa ndani ya miaka kumi, na kati ya waliojengewa titi baada ya saratani, hadi mmoja katika wawili.

Akiyajua hayo, uamuzi ni wake. Yeye hana haja na rekodi yoyote katika orodha hii. Anataka siku ya harusi ya mwanawe avae dera lake, likae sawa kulia na kushoto, acheze mpaka usiku bila mkono wake kurudi kifuani kusukuma kitambaa.